Mkononi mwa Mwenyewe

Mwezi uliopita mlinikatia keki ya kustaafu, mkanipa saa ya ukutani, na yule binti wa kaunta ya pili akasema mbele ya watu wote, "Mzee Kahindi, tuandikie basi mambo ya zamani. Hizo telegramu zenyewe sisi tunazisikia tu." Mkacheka, nami nikacheka. Saa nimeitundika, inakwenda dakika nne mbele. Na kuandika naandika, ila nawaonya mapema kwamba si mambo ya kuchekesha sana. Vyeo nilivyopata sitavitaja, na mshahara msiniulize. Nitaandika juu ya miaka yangu ya kwanza, ile ya themanini, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kazi hii, na huko ndiko nilikoiharibu.

Ofisi yenyewe ilishafungwa siku nyingi, jina lake nitaliacha. Ilikuwa chumba kimoja na nusu kando ya barabara ya lami, kaskazini ya kivuko cha Kilifi. Daraja halikuwapo bado. Kivuko kikiharibika, mifuko ya barua kutoka Mombasa ililala ng'ambo, nasi tulisimama upande wetu tukilitazama lori lililoibeba, tunaliona kabisa, hatuna la kufanya. Watu walikuja kaunta kutulaumu sisi. Tulizoea.

Siku ya kwanza nilifika kabla ya saa moja asubuhi, nimevaa kaki mpya iliyonibana makwapani. Aliyenipokea ni Bwana Mutisya, mkubwa wa ofisi, Mkamba wa Machakos, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni, ya buluu na nyekundu. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kifupi kifupi, "kuja hapa", "weka hiyo", na sisi wa pwani tulimcheka tukiwa mbali naye. Hakunikaribisha kiti. Alinionyesha baiskeli nyeusi ya ofisi, pampu, kopo la viraka, mkoba wa ngozi, pedi ya wino kwa wasiojua kuandika, na daftari la kukabidhi. Kisha akaniambia nivizungumzie kimoja kimoja, kila kimoja ni cha nini. Nikasema baiskeli ni ya kupeleka telegramu. Akatikisa kichwa.

"Wewe wasema peleka," alisema. "Kwenu kila kitu ni peleka. Peleka maji, peleka mbuzi, peleka salamu. Hapa iko maneno manne, na kila moja iko na mtu wake."

Kitabu cha kanuni kilikuwa cha Kiingereza, jalada lake limeliwa na mende. Akakifungua. Transmit, alisema, ni kazi ya waya: Malindi inasema, sisi tunaandika. Forward ni ya ofisi kwa ofisi, ndani ya mfuko uliofungwa lakiri. Hand over ni mimi kukupa wewe hapa mezani, nawe ukatia sahihi. Deliver ndiyo mwisho wa yote: mwenye jina lake ameishika karatasi kwa mkono wake mwenyewe. "Mpaka hapo," alisema, "hujafanya kitu." Nami kwa ujuaji wangu wa kutoka shule nikamuuliza, na pass on je, kupitisha? Bwana Mutisya akapekua kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, watu wakingoja kaunta. Akakifunga. "Hiyo haiko hapa," akaniambia. "Hiyo ni ya umbea."

Basi niliyakariri maneno yale manne. Katika daftari la kukabidhi kulikuwa na safu ya mwisho kabisa, nyembamba, ambamo uliandika D pale tu telegramu ilipoingia mkononi mwa mwenyewe. Ukikosa kumpata, uliirudisha ofisini, ukajaribu tena kesho. Hilo lilikuwa sharti, na Bwana Mutisya aliipitia safu hiyo kila jioni kabla ya kufunga, kidole chake kikishuka taratibu.

Telegramu, kwa nyinyi msiozijua, zilitufikia kwa simu. Bi Zuhura wa Malindi alipiga, akasoma neno kwa neno, "R ya Rehema, D ya Dadu," naye Bwana Mutisya aliandika kwenye fomu, kisha akamrudishia yote kwa sauti ili kuhakikisha. Chumba kilikuwa kimoja na nusu, kama nilivyosema, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Karatasi ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, ikagundishwa, nikapewa. Kanuni ilinikataza kumwambia mtu yeyote kilichomo. Lakini nilikijua.

Na watu walijua kwamba ninakijua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi mbaya. Telegramu nzuri zilikuwapo, mtu kapata kazi, mtu kazaa, lakini nani alingoja kuuliza? Nikikata kona tu na baiskeli ile, wanawake walianza kulia kabla sijashuka. Mwalimu mmoja alijifungia chooni akakataa kutoka, mkewe akambembeleza, na bahasha ilikuwa ya kumwita kwenye usaili. Mabinti walinikimbia. Mama yangu mwenyewe, nikienda kumsalimia mchana, aliniambia niache kaki ofisini.

Ganze hatukufika kwa baiskeli. Telegramu za huko zilitiwa kwenye mfuko wa barua, zikaenda na basi, zikashushwa dukani, zikangoja mtu. Kuna mzee wa huko aliyekuja kwetu kwa miguu mara kwa mara kuulizia telegramu ya mwanawe aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi. Alikuwa na viatu vya mpira wa gurudumu, amefunikwa vumbi mpaka nyusi. Bwana Mutisya alimtafutia kila mara tangu mwanzo wa rundo, ingawa alijua haipo. "Hakuna, mzee." "Haya, bwana. Basi hajapata nafasi." Akageuka, akarudi Ganze. Siku moja hakuja, na hakuja tena, na telegramu nayo haikuja. Sijui yupi kati yake na mwanawe alitangulia kufa.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo Bwana Mutisya hakulielewa, nami nililielewa vizuri mno. Mimi ni mtu wa Tezo, Mgiriama, nimekulia kwenye mudzi, boma la ukoo, wenye watu na heshima zake. Kwetu habari mbaya haimwendei mwenyewe moja kwa moja. Inampita. Inakwenda kwa mzee wa mudzi kwanza, anaichukua, anaikalia, anangoja mwenye msiba ale chakula chake, apumzike, ndipo anaitwa na kuketishwa katikati ya wenzake, anaambiwa. Kumwendea mtu akiwa peke yake na kumtwika msiba mkononi ni ukatili, hata mbwa humfanyii. Nilimweleza Bwana Mutisya jambo hili. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ni mzuri," alisema. "Lakini jina ya mzee haiko kwa bahasha."

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili Bi Zuhura alipopiga asubuhi moja na telegramu ya Tezo. Bwana Mutisya aliandika, akamsomea: "Mwanaisha binti Athumani, kwa Mzee Kombe, Tezo. Mama taabani anakuita akupe radhi njoo upesi. Mjomba." Kisha akauliza, "Jibu imelipiwa?" Ikawa imelipiwa. Maana yake ni kwamba mjomba alikwisha kulipia maneno kumi ya majibu huko Malindi, na ndani ya bahasha tulitia fomu tupu ambayo Mwanaisha angeiandika na kuituma bure.

Huyu Mwanaisha kila mtu wa Tezo alimjua. Alikuwa binti wa Ngomeni, mbele ya Malindi, Mwislamu, msomaji mzuri wa chuo cha Kurani na wa shule, akapendana na kijana wa Mzee Kombe, Mkristo wa kwetu, mpishi wa hoteli Mombasa. Mama yake alikataa. Binti akaolewa hivyo hivyo, na mama akasema mbele ya watu kwamba radhi zake hana, na nyumbani kwake asikanyage. Miaka mitano ilikuwa imepita. Mimba mbili ziliharibika katika miaka hiyo, na Mwanaisha hakumficha mtu alichoamini kuwa ni sababu. Alisema hadharani, pale kisimani, "Nitazaaje na mamangu hana radhi nami?" Sasa alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi minane, na mama alikuwa akimwita amwondolee lile neno kabla hajafa.

Haya yote niliyajua nikiwa nimesimama pale na mkoba begani. Nataka muelewe hivyo.

"Mkononi mwake," Bwana Mutisya aliniambia.

Nilifika kwa Mzee Kombe karibu na saa saba mchana. Mzee alikuwa barazani anasuka kamba. Mudzi mtupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini wewe na nguo hizo?"

"Ni ya Mwanaisha. Yuko?"

"Amekwenda kisimani."

Kisima kilikuwa nyuma ya mashamba ya mikorosho, yapata nusu saa kwa miguu. Njia yake ni mchanga mtupu, baiskeli haipandiki, unaisukuma na magurudumu yanazama. Nilikuwa na telegramu nyingine mbili za kupeleka. Jua lilikuwa kali, shati limenigandia mgongoni. Nikamtazama mzee, na mila yetu ile nzuri ikanijia kichwani, kamili, na maneno yake yote.

"Baba," nikasema, "ni habari ya mama yake kule Ngomeni. Hali si nzuri. Nimeona niipitishe kwako."

Mzee aliweka kamba chini. "Umefanya vyema," akasema. "Yule ni mzito, na mbili zimekwisha kumtoka. Nikimwambia leo atataka kupanda basi, na ile njia ya Malindi ilivyo na mashimo, tutamzika yeye na mtoto. Acha ajifungue. Kisha nitamwambia mimi mwenyewe." Akapaka dole gumba wino, akalibandika daftarini. Bahasha akaitia kifuani, ndani ya shati. Hakujua kusoma, na hakuniomba nimsomee.

Nikarudi barabarani. Chini ya kichaka, nikiwa nimesimama kunywa maji, nikafungua daftari na kuandika D.

Miaka mingi niliwaambia watu, na nilijiambia mwenyewe, kwamba nilifuata mila. Si kweli. Mila ilikuwapo, ndiyo, lakini kilichonirudisha ni ule mchanga. Mwanamke yule alikuwa na mimba ya miezi minane na alikuwa akiipita njia ile na ndoo ya maji kichwani, kila siku, na hakuna aliyeona hilo kuwa zito kwake. Mimi na baiskeli na miaka ishirini na mbili ndio tulioshindwa. Tena hata mila yenyewe niliitimiza nusu. Nilimwambia mzee hali si nzuri. La radhi sikulisema, kwa kuwa kanuni inakataza kutoboa kilichomo. Nilivunja kanuni kwa nusu na mila kwa nusu, kila moja pale iliponifaa.

Siku ya tatu Bi Zuhura alipiga. Bwana Mutisya alikuwa benki, nikapokea mimi.

"Kahindi, ile ya Tezo ilifika kweli?"

"Ilifika, dada."

"Mbona jibu halijaja? Huyu mjomba wa watu amelala kwa jamaa yake hapa mjini, kila asubuhi yuko mlangoni kabla hatujafungua. Anasema mgonjwa anauliza tu, amejibu nini, amejibu nini."

"Labda yuko njiani anakuja."

"Inshallah. Nimwambie yuko njiani?"

Nikanyamaza. Naye akafikiri kimya changu ni ndiyo, akamwambia mjomba, na mjomba akarudi Ngomeni kumwambia mgonjwa kwamba binti yuko njiani. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba baiskeli ilikuwa nje, magurudumu yamejaa upepo, na muda wa kwenda Tezo na kurudi nilikuwa nao. Bwana Mutisya aliporudi nilimwambia Malindi wameulizia. Akanitazama juu ya miwani.

"Ulimpa mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana."

Akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa mtu wa kuamini daftari.

Telegramu ya pili ilikuja siku tisa baada ya ile ya kwanza. "Mama amezikwa jana tulikungoja. Mjomba." Bwana Mutisya aliiandika polepole, akairudia kwa sauti, akagundisha bahasha. Nilikuwa nimekwisha fika mlangoni. "Mbona hakwenda?" akauliza, lakini hakuwa akiniuliza mimi.

Safari hii Mwanaisha alikuwapo nyumbani. Alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchicha, tumbo limemfika magotini. Mzee Kombe aliinuka upesi aliponiona, akanyoosha mkono kuipokea bahasha. Nami, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nikampita mzee na mkono wake ukabaki hewani. Nikampa Mwanaisha.

Alisoma. Akasoma tena. Hakulia.

"Aliugua lini?" aliniuliza.

Nikamtazama mzee. Mwanaisha akageuza kichwa, akamtazama yeye pia.

"Baba, mama aliugua lini?"

Mzee Kombe akaingia ndani. Tulisikia kisanduku cha bati kikifunguliwa. Akatoka na ile bahasha ya kwanza, imegundika vile vile nilivyompa, haikuguswa. Mwanaisha aliifungua kwa ukucha, taratibu, asiichane. Ile fomu tupu ya jibu ikaangukia kwenye mchicha. Akasoma kwa sauti, ya chini lakini sote tulisikia: "Mama taabani anakuita akupe radhi njoo upesi."

Mzee alikaa chini, pale pale alipokuwa amesimama. "Radhi?" akasema. Kisha akaniambia mimi, si yeye: "Ni radhi aliyomwitia? Mwanangu Kahindi, wewe ulilijua hilo? Ungeniambia ni radhi ningembeba mgongoni mpaka Ngomeni. Mimi nilidhani ni ugonjwa."

Nilifungua daftari, Mwanaisha akaandika jina lake lote kwa hati nzuri ya chuoni, nikaondoka. Nilisukuma baiskeli mpaka barabara kuu, ingawa pale inapandika.

Alijifungua mwezi huo huo, mtoto wa kike, mzima. Watu wa Tezo walisema, basi ametakabaliwa dua, mwenye kutoa radhi ni Mungu. Mwanaisha hakusema hivyo. Arubaini yake ilipokwisha, siku ya kwanza tu ya kutoka, alikuja ofisini kwetu na mtoto mgongoni. Alinipita mimi, akaenda kwa Bwana Mutisya.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Naomba kuona daftari, siku ile ya telegramu yangu."

Kanuni haikuruhusu, na Bwana Mutisya alizijua kanuni kuliko alivyozijua mbavu zake. Akaniangalia. Sijui aliona nini usoni pangu. Akachukua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaligeuzia upande wa mama yule. Mwanaisha akaweka kidole chake kando ya lile dole gumba la mzee.

"Mimi najua kuandika," alisema.

Bwana Mutisya alikisoma kile kistari chote, kutoka nambari mpaka ile D. Nilingoja anifokee. Nilitamani anifokee. Akatoa kalamu nyekundu, akaikata ile D kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kando yake tarehe ya siku ile na sahihi yake. Kisha akamwambia Mwanaisha, kwa Kiswahili chake kile kile, "Kosa ni ya ofisi hii, mama. Ofisi ni mimi." Hakunitaja. Hakunitaja siku ile, wala hakuniripoti, na katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake baadaye hakulirudia jambo lile hata mara moja. Nimewahi kuadhibiwa na wakubwa wengine, kwa haki na pasi haki, na adhabu hizo zote nimezisahau.

Mwanaisha akatoa ile fomu ya jibu, imekunjwa mara nne. "Hii bado inafaa?"

Bwana Mutisya akaikagua pande zote mbili. "Haijapitwa na muda."

"Naomba kalamu."

Aliandika akiwa amesimama, mtoto amelala. Juu aliandika jina la mama yake, Ngomeni, kupitia Malindi. Chini aliandika maneno matatu. Akanipa mimi. Kuhesabu maneno kulikuwa kazi yangu.

"Umelipiwa kumi," nilimwambia. "Yamebaki saba."

"Yaache."

Nikageuka kumpa Bwana Mutisya aipitishe kwa simu. Hakuipokea. Alinyanyua mkono wa simu, akazungusha, akaomba Malindi, kisha akanipa mimi. Sikuwahi kutuma telegramu kabla ya hapo, hiyo ilikuwa kazi ya wakubwa. Nikamsomea Bi Zuhura jina la mwenye kupelekewa. "Kahindi," akasema, "huyu si alifariki?" Nikasema ndiyo. "Basi soma."

Nikasoma, Mwanaisha amesimama mbele yangu, ananitazama mdomo. "Mama. Sikuletewa. Ningekuja."

Bi Zuhura aliyarudia maneno yale moja moja kama ilivyotakiwa. Nikasema sawa. Mwanaisha akamkaza mtoto mgongoni, akamshukuru Bwana Mutisya, akatoka.

Telegramu ikikosa mtu, nyinyi vijana, haikutupwa. Ofisi iliyoshindwa iliirudishia habari ofisi iliyoituma, nayo ikamjulisha mtumaji, kwa bahasha ile ile ya kaki na kwa kanuni ile ile. Siku nne baadaye habari ikaja kutoka Malindi, kwamba haikukabidhiwa, mwenyewe amefariki. Bwana Mutisya aliiandika, akagundisha, akaiweka mezani mbele yangu. Safari hii hakusema mkononi mwake.

Nilifika kwa Mzee Kombe saa saba mchana. Alikuwa barazani, lakini hakuwa akisuka kitu. Alikuwa amepungua. Nikamwamkia, akaniitikia, na hakunyoosha mkono.

"Yuko kisimani," alisema.

Nikaichukua ile njia ya mchanga. Baiskeli ilizama kama nilivyojua itazama, nikaisukuma kidogo, nikachoka nayo, nikaiegemeza kwenye mkorosho na kwenda kwa miguu. Viatu vilijaa mchanga, nikavivua. Ilinichukua dakika ishirini na tano. Nilizihesabu.

Wanawake waliniona kwa mbali. Walisimamisha mazungumzo, mmoja akaanza kushika kichwa. Mwanaisha aliweka ndoo chini, akaifuta mikono yake kwenye leso, akanisogelea hatua mbili. Nikampa bahasha mkononi. Akaifungua, akaisoma, akaikunja, akaitia kwenye pindo la leso. Nikamfungulia daftari, akatia sahihi, jina lake lote. Kisha akanitazama, miguu yangu mitupu kwanza, halafu uso.

"Kumbe njia unaijua," alisema.